Namna Nilivyoivunja Picha ya Lipiko

Nyinyi mnaokuja kwangu hapa Ufukoni, Mtwara, na simu zenu mkononi, mnasimama mlangoni, mnaona televisheni za kichogo zimepangwa mpaka darini, mnacheka. Chekeni. Mwanangu wa kwanza naye hucheka. Kila akija kutoka Dar neno lake ni moja: "Baba, haya makorokoro wape watu wa vyuma chakavu, unafuga panya humu." Mimi namjibu kwamba panya ni wangu na chumba ni changu. Nimestaafu kutengeneza televisheni za watu, sijastaafu ubishi.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana wapo wanaodhani nimechanganyikiwa. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta nimekosea kuandika, someni hivyo hivyo, mtanielewa. Maisha yangu yote nilikuwa fundi wa redio, televisheni na deki, na mpiga video za harusi na ngoma. Fundi wa televisheni kazi yake ni kuondoa chenga. Picha inaruka, unaituliza. Rangi inamwagika, unairudisha mahali pake. Sasa mimi uzeeni nimegeuka, chenga naziweka kwa makusudi. Nachukua picha nzuri, nzima, naipitisha kwenye vidude vyangu, inatoka imechanika, watu wana vichwa virefu kama mihogo na rangi zinavuja kama khanga inayofuliwa mara ya kwanza. Mtaa ukanipa jina, Fundi Chenga. Walinipa kwa kunidhihaki, nikalichukua, nikaliandika mlangoni kwa rangi nyekundu. Waliokuwa wanacheka wakakosa la kucheka.

Mnauliza, "Babu, tukitaka kuanza tununue nini?" Kabla sijasema hilo, niseme la kufa, maana sitaki mama wa mtu aje kulia barazani kwangu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mmakua mmoja, tulimwita Fundi Athumani. Kibanda chake kilikuwa karibu na sokoni, ubavuni pake akikaa mama muuza pweza. Siku yangu ya kwanza nilikwenda nimevaa msuli, kijana wa watu, safi. Akanitazama, akauliza, "Mfuko uko wapi?"

"Mfuko wa nini, fundi?"

"Wa kuweka mkono. Rudi kwenu kavae suruali. Fundi wa televisheni asiye na mfuko ni maiti anayetembea."

Nilidhani ananitania. Nikarudi na suruali. Akanifundisha: ukifungua mgongo wa televisheni ya kichogo, mkono wa kulia unafanya kazi, wa kushoto unakaa mfukoni. Ukishika kwa mikono miwili, umeme ukikupata unapita mkono huu, unavuka kifuani, unatokea mkono wa pili, na kifuani ndiko uliko moyo. Nikafuata wiki mbili. Wiki ya tatu nikajiona nimekuwa fundi. Televisheni ilikuwa imechomolewa tangu jana, nikasema hii imekufa, nikapeleka bisibisi chini ya kile kikombe cha mpira kilichobandikwa mgongoni mwa kioo, pale unapoingia ule waya mnene. Lo! Ilinirusha nikaangukia kwenye ndoo ya pweza. Mama muuza pweza hakuuliza kama ni mzima. Aliuliza, "Nani atawanunua hawa sasa?"

Kwa hiyo sikilizeni. Televisheni ya kichogo hata ikichomolewa inabaki na umeme ndani kama mtu aliyeweka kinyongo. Anayeanza asifungue. Kila ninachokifanya mimi siku hizi nakifanya nje ya sanduku, kwenye waya, pale ambapo umeme wake ni mdogo, hata mtoto akiushika hausikii. Anayewaambia mfungue televisheni ndipo sanaa ianze, mwambieni atangulie yeye.

Sasa vya kuanzia. Kununua, mnanunua kidogo sana. Vitu hivi viko uvunguni kwa shangazi zenu. Tafuteni televisheni ya kichogo yenye tundu la njano mbele au nyuma. Tafuteni deki tatu za mikanda, na moja iwe kuukuu kadiri mnavyoweza kupata. Sababu yake nitaifikia. Halafu zile waya za vichwa vitatu. Wa njano unabeba picha. Mweupe na mwekundu zinabeba sauti. Picha na sauti zinasafiri mbalimbali, kila moja na njia yake. Mnaliona jambo dogo hilo. Jambo hilo ndilo lililoniokolea sauti ya mama yangu, na nisipolieleza hili mtakuwa mmejifunza vidude tu.

Mwaka ule watoto wa dada zangu walikuwa wanatoka jandoni, kijijini kwetu, njia ya kwenda Kitaya. Umeme haukuwepo. Nilifunga betri ya gari kwenye keria ya baiskeli, kamera begani, nikaenda kupiga video ngoma ya ukoo wangu mwenyewe. Na palikuwa na mapiko.

Kwa wasiokuwa Wamakonde niseme kidogo. Lipiko ni mchezaji anayevaa kinyago kichwani, na mwili wote umefungwa nguo, hata kidole hukioni. Anacheza, watoto wanakimbia, wanawake wanamkimbia na kumrudia wakipiga vigelegele. Aliye ndani hatajwi. Mtasema, Babu, mbona unatoa siri. Sitoi. Wanawake wanajua kwamba mle ndani mna mtu, nasi tunajua kwamba wanajua. Lakini kujua ni jambo moja na kuonyeshwa ni jambo jingine. Siri ni ya nani aliyemo, na mambo yanayofanyika nyuma ya wigo. Mwaka ule aliyecheza nitamwita Mshamu. Jina lake si hilo.

Mimi nimetoka jandoni, adabu naijua. Lipiko akienda nyuma ya wigo kupumzika, kamera unaizima. Nikaenda nyuma na wanaume wenzangu kumsalimia Mshamu, nikaiweka kamera juu ya kinu kilichopinduliwa, nikabonyeza kitufe cha kuzima. Nilidhani nimebonyeza. Kile kitaa chekundu sikukitazama. Kosa hilo kwa fundi wa kwingine si kitu, anafuta, basi. Kwetu sisi ni kosa la kufukuzwa ukoo. Kamera ilikaa pale juu ya kinu inamtazama Mshamu anavua kinyago, anapangusa jasho, anakunywa maji kwenye kata, anatukana joto. Dakika nne nzima.

Na upande wa pili wa wigo, hatua mbili kutoka kilipo kinu, mama yangu alikuwa amesimama na wanawake wenzake anaimba. Kipaza sauti cha kamera kikamchukua yeye. Ngoma zilikuwa mbali kidogo, kwa hiyo kila neno lake limeingia. Alikuwa anamsuta kaka yake, yaani mjomba wangu, Mjomba Nandonde, kwamba watoto wametoka jandoni na yeye ametoa kuku mmoja tu, tena ana kikohozi. Wanawake wanaitikia, wanacheka mpaka wimbo unakatika.

Mimi hayo yote sikuyajua. Nikarudi mjini, mkanda nikauweka, kazi zikanibana. Mama akaugua. Hakumaliza mwezi.

Siku ya arobaini tukasoma dua hapa hapa uani kwangu, watu wakala, na alasiri dada yangu Somoe akasema, "Kaka, si ulipiga video kule? Tuwekee tumwone mama." Nikatoa televisheni nje, wanawake na watoto mikekani, wanaume kwenye viti, Mjomba Nandonde mbele kabisa na bakora yake. Fundi anayejua kazi hutazama mkanda kabla ya kuuonyesha watu. Mimi sikutazama. Niliogopa kumwona mama peke yangu, ndiyo kweli yenyewe.

Mama akatokea anacheza. Somoe analia. Halafu picha ikayumba, ikaonyesha ardhi, ikaonyesha mguu wangu, ikatulia. Ukaonekana wigo kwa ndani. Akaingia lipiko, akakaa, akapeleka mikono kichwani.

Sijui nilifikaje kwenye televisheni. Nilishika ule waya wa njano nikauvuta. Chumvi ya hapa mnaijua, kila chuma kinashika kutu. Kichwa cha waya hakikutoka, kilitoka nusu kikakwama. Na picha ikavunjika. Kinyago kikapasuka vipande vipande, kimoja kinakwenda kushoto, kingine kulia, chekundu, kijani, zambarau, uso wa Mshamu ukanyooka ukawa mistari inayopanda kama moshi. Na sauti ikabaki ile ile, maana waya mweupe sikuugusa. Mama anaimba, amesimama hapo hapo.

Nikaganda na kidole kwenye waya. Nikikilegeza, picha inataka kurudi. Nikikaza, inachanika. Dakika nne nimeinama vile, mgongo unawaka, natoka jasho kuliko yule Mshamu. Nyuma yangu nikamsikia dada Somoe anasema, "Jamani! Kumbe ndani yuko hivi!" Na wanawake wakapiga vigelegele. Watoto wawili walikimbilia jikoni.

Wageni walipotoka Mjomba Nandonde akaniita kando ya banda la kuku. Mnajua kwetu mjomba ni nani. Baba anakuzaa, mjomba anakuamuru.

"Mwipwa, umefanya nini?"

"Nimekosea, mjomba. Nilisahau kuzima."

"Ule mkanda uchome."

"Una sauti ya mama."

"Nimeisikia. Ni dada yangu kabla ya kuwa mama yako. Uchome."

"Sichomi, mjomba."

Nadhani hakuwahi kujibiwa hivyo tangu azaliwe. Akachora mchanga kwa bakora, akasema, "Leo uliziba kwa kidole. Kesho umekufa, mtoto wako anauweka, kidole cha nani kitaziba? Ijumaa baada ya sala nakuja na Mshamu mwenyewe. Nikimwona usoni kwenye mkanda wowote wa nyumba hii, nauchoma mimi, na wewe usije kijijini kwetu tena, hata kuzika."

Ilikuwa Jumatatu. Mkisema mnataka kujifunza sanaa hii, jifunzeni hapo: mimi sikuianza kwa kutafuta uzuri. Nilikuwa na siku tatu za kuua uso mmoja bila kumgusa mama.

Wazo lilikuwa jepesi. Deki ya kwanza inacheza mkanda, ya pili inarekodi mwingine. Waya mweupe unakwenda moja kwa moja. Waya wa njano natia kidole changu. Jumanne asubuhi nikafunga, nikarekodi, nikatazama nilichopata. Bluu. Skrini nzima bluu, mama anaimba ndani ya bluu. Deki ile ya pili ilikuwa mpya, ina akili nyingi. Deki za namna hiyo zikiona picha imeharibika zinaona aibu, zinaifunika kwa rangi ya bluu. Mtasema, si ungeacha bluu, uso si umekwisha? Hata mimi nililifikiri hilo. Lakini nilipoisikia sauti yake kwenye ile bluu tupu nikaona nimemzika mara ya pili. Kule kulikuwa na ngoma, kulikuwa na watu. Kitu lazima kicheze. Mimi siwekewi bluu na mashine.

Ndiyo maana nikawaambia mtafute deki kuukuu. Nilikuwa nayo moja, ya kwanza kabisa kumiliki, nzito kama jiwe la kusagia, mkanda unaingilia juu. Nilikuwa nikiikalia kama kigoda. Hiyo haina akili hata kidogo, chochote unachoipa inameza. Nikasafisha hedi yake, kile kigurudumu kinachosoma mkanda, kwa karatasi laini iliyolowa spiriti. Kwa pamba msisafishe, nyuzi zinabaki, zinaing'oa hedi. Na upitishe kwa ubavu, ukifuata hedi inavyozunguka. Usisugue kwenda juu na chini.

Jumatano nikarekodi tena kwa kidole. Picha ikaingia, imechanika vizuri. Nikafurahi, nikamwita mke wangu aje kuona, akaja na unga mikononi. Katikati akasema, "Huyo si—" akajiziba mdomo, akarudi jikoni. Kidole changu kilichoka. Mara tatu kimelegea, na mara tatu uso umepita mzima, kama mtu anayechungulia dirishani. Mke wangu mpaka leo hajamaliza ile sentensi, na mimi sijamwuliza.

Kidole si kifaa. Andikeni hilo. Kifaa kinakaa ulipokiweka.

Usiku ule sikulala vizuri, alfajiri nikamkumbuka Fundi Athumani, maana alikuwa na msemo wake kila tunapopata redio inayoshika stesheni mbili kwa pamoja: "Zinagombana hizi, na zikigombana hakuna inayosikika." Nikasimama. Kama picha moja siwezi kuinyamazisha, niigombanishe na nyingine.

Hiki ndicho kidude mnachonililia niwafundishe, na kinakaa kwenye kisanduku cha sabuni. Chukueni volyum ya redio mbovu, ile ya kuzungusha, yenye miguu mitatu. Mgongoni iwe imeandikwa 1K, au karibu na hapo. Waya wa njano wa deki ya kwanza, ule uzi wake wa katikati, unachomea mguu wa pembeni kushoto. Waya wa njano wa deki nyingine, mguu wa pembeni kulia. Mguu wa kati ndio unaotoka kwenda kurekodi kwenye ile deki kuukuu. Zile nyuzi za nje, zinazozunguka kila waya, zote tatu zifungeni pamoja. Basi. Hakuna betri, hakuna kitu. Ukizungusha kushoto unaona picha hii, ukizungusha kulia unaona ile, na ukisimama katikati zinakamatana mashati. Kila picha inabeba ndani yake amri ya kuiambia televisheni mstari uanzie wapi. Amri zikiwa mbili, televisheni haijui imtii nani, na hapo ndipo picha inapovunjika.

Kwenye ile deki mpya niliweka mkanda uliokuwa karibu, harusi ya watu wa Mikindani. Fanyeni asubuhi kama nilivyofanya, maana jioni kila mtu anawasha taa na pasi, umeme unapungua nguvu, picha inasinyaa pembeni mtadhani ni kazi yenu. Nikazungusha kidogo kidogo mpaka Mshamu akapotea, nikabandika volyum kwa gundi ya karatasi isisogee, nikaenda kukaa mbali na mikono yangu nikaikalia. Dakika nne. Nikarudia kutazama mara sita, natafuta jicho, natafuta pua. Sikupata. Nikavunja kile kibanzi cha plastiki ubavuni mwa mkanda mpya, ule ule niliorekodi juu ya kazi ya Jumatano, ili asije mtu akarekodi juu yake.

Ijumaa wakaja, Mjomba Nandonde na Mshamu. Nikafunga mlango. Nikawasha.

Lile jambo likaanza kucheza kwenye kioo. Sura haipo. Nguo za lipiko zinatiririka, kiganja chenye hina cha bibi harusi wa Mikindani kinapita juu ya kinyago, kinamezwa, sinia la pilau linapasuka linakuwa mvua. Mjomba akasogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo.

"Simwoni," akasema.

"Hata mimi sijioni," akasema Mshamu, kwa sauti ya mtu aliyehuzunika kidogo. "Hii mikono ya nani?"

"Ya harusi ya Mikindani."

"Nimependeza."

Mjomba akainua bakora anyamaze. Alikuwa ameacha kutazama. Mama alikuwa amefika kwenye ule wimbo wa kuku. Wanawake wanaitikia, wanacheka, yeye anaongeza kikohozi cha yule kuku, koh, koh. Mzee akausikiliza mpaka mwisho, kidevu juu ya bakora.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akasikiliza tena.

"Muongo huyu," akasema. "Kuku nilitoa wawili." Akapangusa pua kwa kilemba. "Rudisha."

Nilirudisha mara nne siku ile. Halafu akasema, "Sasa ule mwingine." Nikautoa ule mkanda wa kwanza, pale mama anapocheza nilishapanakili, nikautia kwenye jiko la mkaa mwenyewe, kwa mkono wangu, mbele yao. Plastiki inanuka vibaya, na moshi wake msiuvute. Sikuchoma kwa kuamriwa. Nilichoma kwa sababu nilikuwa nimeshinda, na nilitaka aone kwamba anayesema hapana anaweza pia kusema haya.

Kuanzia hapo sikuacha. Nikaanza kuvunja mikanda yangu mwenyewe, nikageuza kamera itazame televisheni iliyounganishwa nayo, ukaonekana mtaro unaozama usio na mwisho, jaribuni, mtasahau kula. Watu wakaongea. Bibi harusi mmoja wa hapa mjini alinirudishia mkanda analia kwamba nimemwekea vichwa vitatu, na hapo kosa lilikuwa langu, nilichanganya nakala, nikamwomba radhi na kumpa ule mzuri. Kazi ya mtu ni ya mtu. Vunjeni vya kwenu. Siku nyingine nikaalikwa kwenye maonyesho, mwenye kusimamia akapita, akasema, "Mzee, zima hiyo, tafuta fundi kwanza." Nikamwambia fundi ndiye mimi. Akaichomoa. Nikaichomeka. Akaichomoa tena. Nikakaa mbele ya soketi kwa kiti changu mpaka jioni, na watu waliotazama walikuwa wengi kuliko kwenye banda lake.

Mjomba Nandonde alifariki, Mungu amrehemu. Nilimzika mimi, nikiwa mstari wa mbele. Mkanda ukabaki kwangu, na huku pwani mkanda haudumu. Ukungu unaingia, unaona vumbi jeupe kama unga pembeni mwa utepe wake mweusi. Mwaka huu nikaona mama anaanza kukwaruza.

Ndipo akaja Neema. Neema ni mwalimu wa kompyuta sekondari, binti wa watu wa bara, baba yake alikuja kufanya kazi bandarini. Ni miongoni mwa hawa wanaokuja kujifunza, na yeye kisanduku cha sabuni alikichomea mwenyewe mara ya kwanza, hakuunguza kitu. Akasema, "Babu, tuihamishe hii sauti kwenye kompyuta kabla haijafa." Nikakubali. Sishindani na mashine inapofanya kazi yangu. Akafunga waya zake, mama akaingia kwenye kompyuta mzima, na kikohozi cha kuku kimo.

Halafu akasema, "Na picha naweza kukusafishia. Kuna programu siku hizi, inarudisha sura za watu zilizoharibika. Huyu aliyekaa hapa ataonekana kabisa."

Nikamwambia asifanye. Akasema, "Babu, ni dakika moja tu," na kidole kimeshabonyeza.

Nilimwahidi mtu aliye kaburini. Mkanda wa kwanza nimeuchoma, nimetembea miaka yote hii kifua mbele kwamba hakuna wa kuurudisha ule uso, na sasa mtoto wa juzi na kompyuta ya mapajani. Na siku hiyo barazani kwangu walikuwa wamekaa wazee wanne wanakunywa chai, rafiki zangu wa siku zote, na Mshamu alikuwa mmoja wao. Wote wakageukia kompyuta.

Kompyuta ikafikiri, ikafikiri. Ikatoa uso.

Neema akageuza kioo atuonyeshe, amefurahi. Uso ulikuwa wa kijana mzuri, meno sawasawa, nyusi kama zimechorwa. Hakuna aliyewahi kumwona mtu huyo, si Mtwara, si Kitaya, si ng'ambo ya mto. Mashine haikukuta uso wowote kwenye zile chenga, maana haumo, haukurekodiwa, kilichorekodiwa ni ule ugomvi tu. Ikatunga wa kwake.

"Ndiye?" akauliza Neema.

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Mzee mmoja akasema, "Kijana mtanashati. Muulize ni wa ukoo gani, aje kucheza mwakani, sisi magoti yanauma." Wakaangua kicheko wote.

Neema si mjinga. Akatazama kioo, akatutazama barazani, uso kwa uso, mmoja baada ya mwingine, taratibu.

"Kwa hiyo wa kweli yupo," akasema. "Ni nani, Babu?"

Mama alikuwa bado anaimba kwenye kompyuta. Na wale wazee wanne, wote kwa pamoja, wakainamia vikombe vyao vya chai.